Uhifadhi wa viumbe chuo kikuu: usome nini, wapi, na kazi zenyewe ziko wapi kwa mtu wa Pemba

Swali: "Assalaam alaykum. Nasubiri matokeo ya kidato cha sita, tahasusi ya CBG, hapa Wete. Nataka kusoma uhifadhi wa viumbe chuo kikuu. Baba anasema nitarudi nikae nyumbani kwa sababu Pemba hakuna mbuga. Nisome kozi gani, chuo gani, na kazi zenyewe ziko wapi? Mimi ni msichana, na bahari naijua zaidi kuliko msitu."

Wa alaykum salaam, mwanangu. Baba yako kasema nusu ya kweli, tuanze na nusu hiyo. Misitu, wanyamapori na uvuvi wa pwani si mambo ya Muungano. TANAPA, TAWA na TFS, mashirika ya hifadhi za taifa, ya wanyamapori na ya misitu, ambako wahitimu wengi wa uhifadhi Tanzania hutazamia ajira, hawana kazi Zanzibar. Hata Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, haiko chini ya TANAPA. Iko chini ya wizara ya Zanzibar inayoshughulikia misitu. Kwa hiyo ukisoma kozi iliyokusudiwa tembo na simba wa Bara, kisha ukataka kurudi Wete, utakuta milango michache sana.

Nusu ya pili hakuiona. Pemba haina mbuga, lakini ina msitu wa Ngezi, ina popo wa Pemba ambaye hapatikani pahala pengine popote duniani, ina ndege wanne wa kwake peke yake (ninga, bundi, chozi na kinengenenge wa Pemba), ina mikoko mingi, na upande wote wa magharibi ina eneo la hifadhi ya bahari, PECCA, lililotangazwa mwaka 2005, kisiwa cha Misali kikiwa ndani yake. Na wewe mwenyewe umesema bahari ndiyo unayoijua. Kwa visiwa vyetu, fedha za miradi na nafasi za kazi ziko zaidi baharini na kwenye mikoko kuliko msituni. Ukichagua kozi kwa kuangalia hilo, hofu ya baba inapungua sana.

Kwanza sifa za kuingia, maana hapa wengi hujikwaa. Kima cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha, C na E zinatosha, lakini E mbili hazitoshi hata kidogo. Pointi hizo lazima zitoke kwenye masomo yaliyotajwa na kozi yenyewe. Kwa kozi za viumbe, Biolojia karibu kila mahala ni lazima, na la pili huwa Kemia au Jiografia kwa kadiri chuo kinavyotaka. Mwenye CBG aliyepata B ya Jiografia na C ya Kemia lakini akaanguka Biolojia ana pointi 7 ambazo kwa kozi hizi hazimfikishi popote. Soma safu ya sifa za kujiunga katika mwongozo wa TCU wa mwaka huu, kozi kwa kozi. Usitegemee mwongozo wa kaka yako wa mwaka juzi.

Sasa kozi. Jina "baiolojia ya uhifadhi" hutalikuta sana kwenye vyeti vya shahada ya kwanza Tanzania, na hilo lisikutie wasiwasi. Fani hii imegawika chini ya majina mengi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya sayansi ya wanyamapori na uhifadhi, na kina nyengine ya sayansi za viumbe wa majini na uvuvi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina usimamizi wa wanyamapori, misitu, ufugaji wa viumbe wa majini, na sayansi ya mazingira. Mweka, chini ya Kilimanjaro, inafundisha usimamizi wa wanyamapori tangu mwaka 1963, kuanzia cheti hadi shahada, na masomo yake ni ya vitendo sana. Kozi nyingi za aina hii ni za miaka 3.

Kwa hali uliyoieleza, chaguo la kwanza liwe sayansi za viumbe wa majini na uvuvi, Dar es Salaam. La pili liwe misitu, Sokoine. La tatu ndiyo sayansi ya wanyamapori. Watu hushangaa misitu kukaa juu ya wanyamapori, lakini sababu yake ni ya kisiwani. Afisa misitu huajiriwa kwa mikoko, kwa misitu ya jamii, kwa vitalu vya miche na kwa miradi ya hewa ukaa, na shahada yake inaeleweka na kila mwajiri wa serikali. Mhitimu wa wanyamapori huku kwetu analazimika kueleza kwa nini anafaa. Mweka ni chuo kizuri mno kwa anayetaka kuishi Bara au kuingia kwenye utalii wa mbuga. Kwa mtu anayesema bahari naijua, kitakuwa kimempeleka mbali na anachokijua.

SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, nayo usiipite. Kusoma nyumbani hupunguza gharama ya nauli na malazi, na hukuweka karibu na idara ambazo baadaye utaziomba kazi. Angalia tu kozi zake za mwaka huu za kilimo, mazingira na sayansi ya viumbe, uone ni ipi ina ikolojia na takwimu za kutosha. Kozi ya mazingira iliyojaa sera na sheria tupu, bila ya kazi ya nje na bila ya takwimu, ni dhaifu popote inapofundishwa.

Kama matokeo hayatafikia pointi 4, njia haijafungwa. Stashahada ya uvuvi ya FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, kwa mfano kampasi ya Mbegani, Bagamoyo, au ya misitu ya Olmotonyi, Arusha, inakupa ajira ya ngazi ya kati, na ukiimaliza kwa wastani wa GPA 3.0 au zaidi unaweza kuomba shahada. Wapo wanaofika mbali kwa njia hii kuliko waliokwenda moja kwa moja, kwa sababu wanaingia mwaka wa kwanza wakiwa tayari wanajua kutengeneza wavu na kutambua samaki.

Chuoni, mwaka wa kwanza ni zuolojia, botania, kemia na hesabu, na wengi huchoka kwa kuwa hawaoni kasa wala kima. Ikolojia, jenetiki na takwimu huja mwaka wa pili, na uhifadhi wenyewe unakuja mwishoni pamoja na utafiti wa kumalizia. Takwimu ndilo somo linalotenganisha watakaoajiriwa na wasioajiriwa, na ndilo linalokimbiwa kuliko yote. Ukilipata vizuri, jifunze R, programu ya takwimu ambayo ni bure, na QGIS ya kuchora ramani, nayo bure. Kompyuta ya mkononi yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha kwa zote mbili. Jifunze kabla ya mwaka wa tatu. Anayeanza R wiki tatu kabla ya kukabidhi ripoti huishia kumlipa mtu amfanyie, na siku ya usaili anaulizwa maana ya jedwali lake mwenyewe, ananyamaza.

Ujuzi wa pili ni kutambua spishi, na huu hakuna mhadhara utakaokupa. Chagua kundi moja ulimudu. Kwa Pemba, mikoko ni pa kuanzia pazuri kwa sababu aina zake hazifiki hata kumi na tano na zote zina majina ya Kiswahili: mkoko, mkandaa, mchu, msinzi, mlilana, mkomafi na wenziwe. Jifunze jina la kisayansi la kila mmoja, jani lake, mzizi wake na anakaa wapi kati ya maji na nchi kavu. Hilo la mwisho si la mtihani tu. Upandaji mwingi wa mikoko hufeli kwa kosa moja: watu huokota vijiti vya mkoko, yaani mbegu zake ndefu zilizokwishachipua, kwa kuwa ni vikubwa na rahisi kuchomeka, wakavipanda kwenye tope tupu la mbele, upande wa bahari, ambako maji hukaa muda mrefu kupita kiasi, au kwenye mchanga unaohama. Miche inazama, inavamiwa na vijikonokono na taka za mwani, inakufa, na picha za siku ya kupanda zinabaki kwenye ripoti. Anayejua kwamba mbele hukaa mlilana na mchu, na kwamba pahala pengi dawa si kupanda bali kufungua mkondo wa maji uliozibwa ili mbegu zije zenyewe, huyo ana thamani kwa mradi wowote.

Hata kupima mti kuna njia yake. Mti wa kawaida hupimwa kipenyo kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko una mizizi ya magongo inayopanda juu ya hapo, kwa hiyo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi ulio juu kabisa. Mwanafunzi anayeshika mita 1.3 kila mti, kama alivyofundishwa kwa mivule, hupata makadirio ya uzito na ya kaboni yasiyo na maana, na kosa hilo halionekani kwenye jedwali. Huonekana anapokuja mtu mwengine kurudia kipimo.

Utafiti wa mwaka wa tatu ndio utakaokuombea kazi, kwa hiyo ufikirie tangu mwaka wa pili. Chukua mfano wa pweza, kwa kuwa ni jambo linalofanyika kweli Unguja na Pemba: wavuvi wa shehia hukubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa kiasi cha miezi mitatu, kisha huifungua siku moja. Pweza wa miamba yetu hukua haraka na maisha yake ni mafupi, ndiyo maana muda mdogo kama huo unaonekana kwenye uzito. Mwanafunzi atauliza: je, pweza wa eneo lililofungwa ni wazito kuliko wa nje? Swali zuri. Kosa la kawaida ni kwenda eneo moja lililofungwa, akapima pweza 40, kisha eneo moja la wazi, akapima 40, akaandika ana sampuli 80. Hana. Ana maeneo mawili tu, na tofauti anayoiona inaweza kuwa ya mwamba, ya kina cha maji au ya umbali wa kijiji. Bora maeneo matatu yaliyofungwa na matatu ya wazi yenye pweza 15 kila moja, kuliko mamia ya pweza wa pahala pawili. Vyema zaidi kama kuna vipimo vya kabla ya kufunga. Mueleze msimamizi wako mpango huu kwa maandishi kabla hujatoka chuoni, maana ukisharudi na data hakuna hesabu ya kuponya kosa hilo.

Ratiba nayo ifuate bahari. Kazi ya kupima nyasi bahari, chaza au mwamba kwa miguu hufanyika maji ya bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu hufika kiasi cha mita 4. Kwa pwani ya Zanzibar bamvua hukupwa kabisa kuanzia kiasi saa 4 asubuhi, na kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Una takriban saa tatu za kazi kabla maji hayajakurudisha. Ukipanga wiki ya kazi ya nje kwenye maji mafu umepoteza wiki na nauli. Na likizo ndefu ya chuo huangukia kipindi cha kusi, kwa hiyo mwamba wa mashariki utakuwa na mawimbi. Jipange upande wa magharibi, ambao Pemba unakingwa vizuri.

Vifaa si ghali kama watu wanavyodhani. Fremu ya mraba ya nusu mita kwa nusu mita unaitengeneza kwa bomba la plastiki la nusu inchi, ukilitoboa matundu ili lizame. Tepu ya mita 50, kibao cha plastiki na penseli ya kawaida (kalamu ya wino haiandiki majini), GPS au simu. Kwenye GPS hakikisha umeweka mfumo wa ramani wa WGS84. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960, na ukichanganya mifumo hiyo miwili nukta zako zitahama kwa takriban mita 300, kiasi cha kuutoa mkoko ukauweka katikati ya bahari.

Vibali vianze miezi mitatu kabla. Barua ya chuo peke yake haitoshi. Unahitaji kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi, barua ya idara husika kama unaingia msituni au hifadhini, kisha unajitambulisha kwa sheha na kwa kamati ya wavuvi au kamati ya uhifadhi ya shehia. Wanafunzi huona hatua ya mwisho ni adabu tu. Ni zaidi ya adabu: kamati ndiyo inayojua nani aliingia eneo lililofungwa usiku, na isipokukubali data yako itakuwa na tundu usiloliona.

Hapa pia ndipo usichana wako unapokuwa na uzito ambao baba hajauhesabu. Sehemu kubwa ya kazi ya pwani ya kupwa ni ya wanawake: pweza wa kuvuliwa kwa miguu, chaza, kome, mwani. Afisa mwanamme anayekwenda kuwahoji hupata majibu mafupi ya heshima. Miradi inalijua hili na hutafuta wanawake wenye shahada, hawapati wa kutosha. Unachohitaji ni kujua kuogelea vizuri, si kwa kubahatisha, na ikiwezekana cheti cha mwanzo cha kupiga mbizi. Cheti hicho ni ghali ukikinunua kama mtalii, kwa hiyo ulizia kwenye miradi, kwenye mafunzo kwa vitendo na kwenye vituo vya kupiga mbizi vinavyochukua vijana wa kisiwani.

Kazi sasa. Serikalini kuna milango mitatu mikubwa. Wizara inayosimamia kilimo na maliasili ina misitu, ikiwemo Ngezi na Jozani. Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ina maendeleo ya uvuvi, uhifadhi wa bahari unaosimamia maeneo kama PECCA na Ghuba ya Menai, na taasisi ya utafiti ya ZAFIRI. Kisha kuna mazingira, pamoja na ZEMA, mamlaka iliyotokana na sheria ya mazingira ya mwaka 2015, inayokagua miradi na kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Nafasi hutangazwa kupitia Tume ya Utumishi Serikalini na maombi hupitia mtandaoni. Ni chache, huja kwa mafungu, na baina ya fungu na fungu unaweza kusubiri. Usikae bure ukisubiri. Ipo pia Mamlaka ya Usimamizi wa Uvuvi wa Bahari Kuu, ambayo ni ya Muungano lakini makao yake yako Fumba, Unguja, na huhitaji watu wanaojua samaki na takwimu.

Mlango wa pili ni miradi na jumuiya zisizo za kiserikali. Mwambao inafanya kazi na wavuvi wa vijiji vya pwani Unguja na Pemba. Chumbe, hifadhi ya binafsi ya matumbawe tangu miaka ya 1990, ina walinzi wa mwamba na programu ya elimu kwa skuli. WCS, shirika la kimataifa la kuhifadhi wanyamapori, ndiyo iliyohesabu kima punju wa Unguja ikakuta zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Kazi hizi hulipwa vizuri kuliko serikali kwa mwanzo, lakini mkataba ni wa mwaka mmoja hadi mitatu, na mfadhili akiondoka kazi inaondoka naye. Mwenye akili huitumia miaka hiyo kujifunza kuandika bajeti na ripoti, maana anayejua kuandika maombi ya ruzuku hakosi pa kushika.

Ujue vilevile kazi yenyewe ikoje. Siku nyingi utakuwa kwenye kikao cha shehia, si msituni. Popo wa Pemba ni mfano mzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kumalizika kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu. Waliokolewa kwa vikundi vya vijiji kukubali kulinda makazi yao, kama pale Kidike, kwa elimu skulini na kwa wageni kulipa kiingilio kinachobaki kijijini, hadi hesabu ya miaka ya 2000 ikakaribia 20,000. Mtaalamu alihitajika kuhesabu popo bila ya kuwatimua matawini na kujua wanakula nini. Lakini muda mrefu zaidi ulikwenda kwenye mazungumzo na wenye mashamba ambao popo walikuwa wanakula maembe yao. Asiyependa watu asisome fani hii.

Ushauri elekezi wa mazingira unalipa. Kila hoteli kubwa, bandari au barabara inahitaji tathmini, na timu ya tathmini inahitaji mtu wa kutambua matumbawe, nyasi bahari na mikoko. Utaanza kwa kuitwa siku kumi, ukipimwa kwa ripoti yako. Tahadhari moja: mwenye mradi ndiye anayelipa, na atatamani uandike kwamba pale pana mchanga mtupu. Weka picha zenye tarehe na nukta za GPS kwa kila kituo, ili ukiulizwa uwe na cha kuonesha.

Utalii nao unaajiri, hasa Unguja: vituo vya kupiga mbizi, Jozani, hoteli zenye programu za kasa au za kurejesha matumbawe. Uliza maswali kabla hujakubali. Baadhi ya programu za kasa ni bwawa la kupigia picha tu na hazina daftari la data hata moja. Ualimu pia ni njia ya heshima kwa mwenye shahada ya sayansi akiongeza stashahada ya uzamili ya elimu, na skuli za Pemba zinahitaji walimu wa Biolojia kila mwaka.

Ukitaka utafiti hasa, shahada ya pili haikwepeki. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapa Unguja tangu mwaka 1978, ina uzamili na uzamivu, na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, ina makao yake Zanzibar na hutoa ruzuku za utafiti. Kwa wanaoanza, Rufford Foundation ya Uingereza hutoa ruzuku ndogo kwa miradi ya uhifadhi katika nchi zetu. Lakini usiunganishe uzamili moja kwa moja na shahada ya kwanza kama unaweza kuepuka. Mwaka mmoja au miwili ya kukusanya data kwenye mradi itakupa swali la utafiti lililo lako, na maombi ya ufadhili yenye swali la namna hiyo yana nafasi kubwa.

Ada: omba mkopo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na ujue mapema masharti yake kuhusu anayeomba pia bodi ya Bara, maana huwezi kulipiwa na zote mbili. Wengi hukwama kwa jina kuandikwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha Mzanzibari. Herufi moja tu inatosha kukurudisha. Linganisha vyeti vyako wiki hii, kwa sababu marekebisho ya jina huchukua muda mrefu kuliko dirisha la maombi linavyokaa wazi.

Na wakati unasubiri matokeo, nenda ofisi za misitu na za uvuvi zilizoko Pemba ukaombe kujitolea siku mbili kwa wiki: kupima samaki kwenye diko, kuhesabu miche kitaluni, chochote. Nenda na baba. Awaulize yeye mwenyewe maafisa walisoma nini, waliajiriwa vipi, na nani katika ofisi hiyo anakaribia kustaafu.